Maswali Tisa

Fomu ilikuwa karatasi moja yenye maswali tisa, na mtoto wa watu alikwama kwenye swali la kwanza.

"Umri?" Ndivyo ilivyoandikwa, neno moja tu. Sasa wewe niambie, unamuulizaje umri mama aliyekuwa mwalimu mkuu wako shule ya msingi, aliyekushika sikio ukiwa darasa la nne kwa kuchelewa mstarini, na leo amesimama mbele yako na raba mpya nyeupe miguuni akisubiri umfundishe kuchuchumaa? Kijana mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa. Cheti chake cha ukocha wa mazoezi hakikuwa kimemaliza hata mwezi. Fulana yake nyekundu, iliyoandikwa KOCHA mgongoni, ilikuwa ya mtu aliyeacha kazi kabla yake, mtu mwenye mabega, na kwake ilining'inia.

"Kalamu ina tatizo?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi endelea."

Kijana akamtazama kwa pembe ya jicho, akaandika 58. Akashuka kwenye maswali mengine. Una presha? Una sukari? Una tatizo la moyo? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Unatumia dawa gani? Unapata kizunguzungu? Umewahi kuanguka? Na la mwisho: Kuna maumivu popote mwilini? Mama wa watu amesimama kama mlingoti, sauti ni ile ile iliyokuwa ikinyamazisha madarasa saba kwa mpigo. Kijana akaandika hana, hana, hana, mpaka chini, akamgeuzia karatasi. Mwalimu Mkuu hakuwa na miwani siku hiyo, aliiacha nyumbani isije ikavunjika. Akatia sahihi alipoonyeshwa kwa kidole.

Msimwone mvivu. Vijana wa rika lake, wateja wa makocha wengine, aliwauliza yote tisa bila kupepesa macho, mpaka wengine wakachoka. Lakini yeye alilelewa nyumba ya fundi cherehani. Mama yake ana sheria moja tangu anaanza kushona: mtu mzima hasomewi kiuno chake kwa sauti. Unazungusha tepu, unaandika, unafunika daftari. Na akija mama wa heshima kabisa, hata tepu humzungushii, unamkadiria kwa jicho na nguo inakaa. Wanawake wa mtaa mzima walimpenda kwa hilo. Kijana alikua akiona hayo kila siku, akajua ndiyo heshima yenyewe, na alipopewa fomu alimkadiria Mwalimu Mkuu kwa jicho.

Halafu alimhitaji. Ile jimu ya mazoezi ilikuwa imemweka kwenye majaribio ya miezi mitatu: ulete wateja watatu wa kwako mwenyewe, au urudi kwenu. Mwezi wa pili ulikuwa unakatika na hakuwa na hata mmoja. Watu wakitazama ule uso usio na ndevu wanauliza, "Kocha yuko wapi?" Mwalimu Mkuu ndiye aliyekuwa wa kwanza, na aliletwa na mama, katikati ya kupimwa gauni, pini mdomoni: "Mwanangu sasa ni kocha, Mwalimu. Mjaribu tu."

* * *

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri, ukiacha lugha. Wenzake walikuwa wakiamrisha wateja: shuka, panda, shika tumbo. Yeye alikuwa akiomba. "Mwalimu, kama hutajali, naomba ushuke kidogo. Samahani, goti lisipite kidole. Asante, Mwalimu." Makocha wenzake walijificha nyuma ya mashine ya kukimbilia wakicheka mpaka machozi.

Siku ya tatu alimpa zoezi la kulala chali na kusimama, kulala na kusimama, mara kumi na tano. Ilipofika ya nane, midomo ya Mwalimu Mkuu ilikuwa imepauka. Kijana aliiona. Hilo baadaye alilikiri, aliiona kabisa. Neno alilofundishwa chuoni lilikuwa moja: acha. Halikutoka.

"Mwalimu, unaonaje tukipumzika kidogo?"

"Umesema kumi na tano. Hii ni ya ngapi?"

"Ya kumi na moja."

"Basi hesabu."

Akahesabu. Ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu Mwalimu Mkuu alisimama, akatazama mbele kana kwamba kuna mtu amemwita, akaanguka kwa upande. Mkono ulitangulia kwenye ukingo wa benchi la vyuma, na ule mlio kila aliyekuwa mle ndani aliusikia.

* * *

Jioni ile mwenye jimu, ambaye kila mtu alimwita Bosi Kifua kwa sababu kifua kilikuwa kinaingia mlangoni kabla yake, alimwita kijana ofisini. Fomu ilikuwa mezani.

"Kifundo cha mkono kimevunjika," Bosi Kifua akasema. "Lakini siyo hilo. Hospitali wamekuta ana presha. Anameza dawa, tena za zamani. Mtu wa dawa zile humlazi na kumsimamisha kama mtoto wa shule. Sasa nasoma hapa, presha, hana. Dawa, hana. Ulimuuliza?"

Kijana akatazama sakafu.

"Ulimuuliza," Bosi Kifua akasema tena, na safari hii halikuwa swali. "Ulimuuliza, akakuficha, akatia sahihi. Sahihi yake hii hapa. Wazee wanaficha magonjwa, nani asiyejua? Mwanawe ni mtu wa benki, anakuja kesho saa kumi jioni. Watu wa benki wanataka karatasi. Wewe utaniandikia hivyo hivyo, nusu ukurasa, na kuanzia mwezi ujao hakuna majaribio tena. Kocha wa kudumu. Mshahara, siyo hela ya nauli."

"Na nisipoandika?"

"Utarudisha fulana. Na chuo chako nitawapigia mimi mwenyewe, niwaulize wanatoa vyeti kwa kigezo gani."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa na makocha sita, fundi wa mashine na mfagiaji, wote wanakula pale, na akilini mwake alikuwa amempa kijana njia ya kutokea. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akampigapiga bega.

* * *

Nyumbani habari ilikuwa imeshafika. Mama alikuwa kwenye cherehani chumba cha mbele, na mjomba amekaa kwenye kigoda na kaptula akisubiri suruali yake ya kazi ishonwe paja. Mjomba ni fundi wa kuchomelea. Tangu mwanzo hakuielewa kazi hii.

"Karibu, mtaalamu," akasema. "Nilisema mimi. Kazi gani ya kuwahesabia watu wazima moja mpaka kumi? Wao hawajui kuhesabu?"

"Kaka, mwache aingie," mama akasema. "Nitungie uzi, baba. Macho yangu yamechoka leo."

Kijana alikaa chini, akatunga sindano, akaeleza yote mpaka bega lililopigwapigwa. Mama alisikiliza bila kusimamisha cherehani, kisha akaisimamisha.

"Ulimuuliza, au hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

"Ningemuulizaje, mama? Mwalimu Mkuu." Akamrudishia sindano. "Nilimkadiria."

Lile neno lilikuwa la mama, na wote watatu walijua. Mama aliinama kuokota pini zilizomdondoka. Siku hizi pini zilikuwa zinamdondoka sana.

Mjomba ndiye aliyeanza. "Sasa hapa tuzungumze kiutu uzima. Andika ulimuuliza. Yule mama atakuwa mzima, mkono unaunga. Wewe unapata kazi. Huyu dada yangu alishona sare za shule mia mbili ili uende kile chuo. Mia mbili, nilizibeba mimi kwenye mkokoteni. Leo ukazitupe kwa sababu ya neno moja?"

"Nikiandika hivyo, anakuwa mwongo yeye," kijana akasema. "Mbele ya mwanawe."

"Ni bibi mstaafu. Atapoteza nini?"

Kijana akamtazama mama. Alitaka aambiwe. Umri ule mtu anajifanya mkubwa, lakini likimfika shingoni anatafuta uso wa mama yake, na siyo aibu. Mama hakumwambia. Alinyanyuka, akatoa kwenye kabati gauni la buluu, zito, lenye lasi kifuani. Lilikuwa la Mwalimu Mkuu, la harusi ya mjukuu, Jumamosi ya wiki hiyo.

"Mkono wa hili ni mwembamba," akasema. "Plasta haitapita. Fumua hapa, mpaka kwenye kiwiko. Vidole vyangu vimechoka."

Akafumua. Mama akaunga kipande kingine kwenye mkono wa gauni, akatia vifungo, na alipokata kitambaa alishika mkasi kwa mikono miwili. Kufika saa nne usiku gauni lilikuwa limekwisha, mkono mmoja mwembamba na mmoja mpana.

"Kesho asubuhi utampelekea wewe," mama akasema. "Utakachomwambia ukifika, ni mdomo wako."

* * *

Mwalimu Mkuu alikuwa sebuleni, mkono wenye plasta umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, bandeji ndogo juu ya jicho. Mwanawe, yule wa benki, alisimama nyuma ya kiti chake na simu mkononi, amevaa tai asubuhi ile nyumbani kwa mama yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na nguo yangu."

"Nimekuja na nguo." Akaiweka mezani. Aliendelea kusimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti. "Na nimekuja kusema sikukuuliza. Ile fomu ina maswali tisa. Nilijaza mwenyewe. Nikaandika huna ugonjwa wowote, halafu nikakupa utie sahihi."

"Unaona?" mwenye tai akasema. "Unaona, mama? Nilikwambia wale ni wahuni. Tungeweza kukuzika."

"Nyamaza kidogo," Mwalimu Mkuu akasema, na mtu mzima wa miaka arobaini akanyamaza. Kwa kijana akasema, "Kwa nini hukuuliza?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani?"

Mwalimu Mkuu alimtazama muda mrefu, kwa jinsi alivyokuwa akiwatazama watoto ambao kazi yao ya nyumbani imeliwa na mbuzi.

"Ungeniuliza, ningekwambia sina," akasema.

Mwanawe akageuka. "Mama?"

"Ningesema sina. Nameza hizo dawa mwaka wa nne sasa, naziweka kwenye boksi la chaki ili msizione. Mkiziona mtaanza kunichukulia mtungi mkononi, mtaniambia nikae, nikae, mpaka nikalie kiti hiki hiki mpaka mwisho." Akakohoa. "Kwa hiyo tulikuwa wawili. Lakini hilo halikuondolei kosa lako. Mimi nilikuwa na haki ya kudanganya. Wewe hukuwa na haki ya kutouliza. Na nilipopauka uliniona?"

"Nilikuona."

"Ukanihesabia."

"Nilikuhesabia, Mwalimu." Na hapo machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja upesi.

"Karatasi hiyo unayo nyingine?"

Alikuwa nayo, daftari zima la fomu lilikuwa kwenye mfuko wake wa mgongoni. Mwalimu Mkuu akavaa miwani. "Kaa. Niulize."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kwa sauti."

Akakaa ukingoni mwa kiti. Sauti ilimtoka nyembamba. "Umri?"

"Sitini na sita."

Kalamu ikasita, ikaandika. Presha, ndiyo. Sukari, hapana. Upasuaji, mmoja, uvimbe, miaka ishirini iliyopita. Kizunguzungu, akiinuka ghafla. Umewahi kuanguka? Mara mbili bafuni. Kwenye kila jibu mwanawe alikuwa akishuka kidogo kidogo, kwanza akashika mgongo wa kiti, kisha akakaa kwenye mkono wa kochi, na mwisho simu ilikuwa sakafuni na hakuiokota.

"Uvimbe gani, mama?" akauliza polepole. "Tulikuwa wapi?"

"Mlikuwa na mitihani." Kisha kwa kijana: "Umemaliza?"

"Bado moja. Kuna maumivu popote mwilini?"

"Kila mahali," Mwalimu Mkuu akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Andika kila mahali. Sasa nenda kamwambie huyo bosi wako hivyo hivyo ulivyoniambia. Huyu wangu hatakwenda huko jioni na tai yake. Ana kazi ya kukaa na mimi leo."

* * *

Bosi Kifua alisoma nusu ukurasa ule mara mbili. Sentensi ya kwanza ilikuwa: Sikumuuliza.

"Huyo mtu wa benki haji tena," kijana akasema. "Mwalimu mwenyewe amesamehe."

"Kusamehe kwake ni kwake. Mimi hapa nina karatasi yenye sahihi yako inayosema kocha wangu anajaza fomu kwa kichwa chake. Ningekuweka vipi?" Alikuwa amechoka zaidi ya kukasirika. "Ungeandika nilivyokwambia, tungekuwa tunakunywa soda saa hizi. Fulana."

"Nitaifua, nikuletee kesho."

"Kuna mtu anaanza leo. Fulana, dogo."

Ikabidi aivue pale pale, kati ya vioo, na vioo vya jimu ni ukuta mzima. Watu waliacha vyuma wakatazama. Chini alikuwa na singlendi iliyoshonwa na mama kwa mabaki ya kitambaa cha shuka, yenye vimaua. Mmoja aliguna, wengine wakatazama pembeni. Kijana akaikunja fulana vizuri, mabega kwa mabega, kama alivyofundishwa kukunja nguo ya mteja, akaiweka kaunta. Alitoka akipita njia ya nyuma ya maduka, mfuko wa mgongoni ameukumbatia kifuani.

* * *

Mama alikuwa peke yake. Aliiona singlendi, akaelewa, hakuuliza. Akamwekea chakula, naye akala chote, kwa sababu njaa haijui mambo ya watu.

"Mwalimu amesema plasta ikitoka nikamtembeze uwanjani kwake," akasema akimaliza. "Daktari akikubali. Kutembea tu."

"Mteja mmoja."

"Mmoja."

"Nilianza na mmoja," mama akasema. "Alikuwa mdogo wa bibi yako, na suruali ilimbana." Akarudi kwenye cherehani. "Hebu nitungie uzi huu mweusi. Macho haya."

Kijana akachukua sindano. Akaitazama. Kisha akamtazama mama akisoma kikaratasi cha vipimo kilichobandikwa ukutani upande wa pili wa chumba, herufi ndogo zile, bila shida yoyote, akinong'ona namba.

Aliiweka sindano chini. Akatoa daftari la fomu, akavuta kigoda mpaka karibu na pedali.

"Mama, nataka nikuulize."

"Uliza."

"Umri?"

"Huujui?"

"Sema."

"Arobaini na saba. Acha mchezo, nina kazi."

"Una presha?"

"Sina."

"Ulipima lini?"

"Hilo limo humo kwenye karatasi?"

"Limeingia leo."

Mama akasonya, lakini alijibu. Alipima alipomzaa yeye. Sukari hajui. Dawa hatumii, labda zile za kutuliza, za dukani, siku moja moja, basi kila siku. Kijana aliandika bila kuinua uso. Sauti yake haikuwa ikiomba radhi tena, na mama aliisikia hivyo, maana alianza kujibu kama mtu aliyekaa mbele ya dirisha la hospitali.

"Kuna maumivu popote mwilini?"

"Hakuna."

Hakuandika. Alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni. Mama alipanga upya kitambaa ambacho kilikuwa kimepangika, akavuta uzi, akauachia.

"Mama, hilo 'hakuna' nishaliandika mara moja. Siliandiki tena."

Kisha mama aliinua mkono wa kulia, akauweka juu ya fomu, kiganja juu, kama kitu anachokirudisha kwa mwenyewe.

"Hivi vitatu sivisikii," akasema. "Dole gumba na hivi viwili. Asubuhi vinakufa ganzi mpaka kwenye bega. Macho ni mazima, baba. Sindano ndiyo siioni kwa vidole."

"Tangu lini?"

Akatazama pembeni. "Tangu zile sare."

Kijana hakuuliza sare zipi. Nafasi ya jibu la tisa ilikuwa mstari mmoja tu. Aliubeba ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akaulaza pajani mwa mama polepole, akaigeuza karatasi upande wa nyuma.

"Endelea, mama," akasema. "Naandika."